SOMO LA SIMU: Programu Ikikataa, Tovuti Ikifungwa



Siku hizi simu ni daftari, ni posta, tena ni benki. Lakini kuna siku unabonyeza, inakataa. Leo tujifunze sababu mbili za kukataa huko: programu iliyozeeka na njia iliyofungwa. Ukizijua, hutamlipa fundi kwa kazi isiyowezekana, wala tapeli hatakupata kirahisi.

1. PROGRAMU YA ZAMANI, SIMU MPYA

Chukua mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa. Katibu ameandika madeni ya wanachama kwenye programu moja kwa miaka minane. Simu inaharibika. Kikundi kinanunua simu mpya. Katibu anaihamisha programu ile, lakini simu mpya haiipokei. Basi watu wanaanza kutazamana. Nani anadaiwa? Shilingi ngapi? Kikundi kinaweza kuvunjika hapo hapo.

Kwa nini simu mpya ikatae? Sababu ziko tatu.

Kwanza, muundo wa simu umebadilika. Programu nyingi za zamani ziliandikwa kwa biti 32. Simu nyingi za sasa ni za biti 64. iPhone ziliacha kutumia programu za biti 32 mwaka 2017, lilipotoka toleo la iOS 11. Simu ya Google Pixel 7 ya mwaka 2022 nayo hupokea za biti 64 tu. Ni kama jembe. Tundu likibadilika, mpini wa zamani hauingii, hata kama mpini wenyewe ni mzima.

Pili, ulinzi. Tangu toleo la Android 6.0 la mwaka 2015, programu inapaswa kukuomba ruhusa kabla ya kusikiliza sauti yako au kusoma majina uliyoyahifadhi. Wezi wakapata ujanja. Wakaandika programu zao zijifanye za zamani, ili zisiombe ruhusa. Kwa hiyo Android 14, iliyotoka mwaka 2023, hukataa kuwekewa programu zilizotengenezwa kwa matoleo yaliyo chini ya 6.0. Programu iliyokuwamo ndani ya simu kabla ya kupandishwa toleo hubaki. Inayokataliwa ni ile unayoiweka upya.

Tatu, mwenyewe ameifunga. Skype ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. Hapo hata fundi awe hodari namna gani, hawezi kuifufua, maana mitambo iliyokuwa ikiihudumia imezimwa.

2. TUFANYEJE?

(a) Usiuze wala kutupa simu ya zamani kabla ya kutoa kumbukumbu zako zote. Kama kioo tu ndicho kimepasuka, pengine kukibadilisha ni nafuu kuliko kupoteza hesabu.

(b) Nakili hesabu muhimu kwenye daftari la karatasi kila mwezi. Katibu asome mbele ya wanachama, wote wasikie.

(c) Kama programu ya zamani bado inahitajika, iache kwenye simu ya zamani. Toa laini ya pesa kwenye simu hiyo, maana simu isiyopata tena marekebisho ya ulinzi huibiwa kwa urahisi.

(d) Mtu akikutumia faili akisema, "Weka hii, ile programu yako itarudi," usiliweke. Programu ya namna hiyo inaweza kusoma ujumbe wako wa pesa. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita fundi.

3. TOVUTI HAIFUNGUKI

Sasa tuje kwenye njia. Unapoandika jina la tovuti, simu hutuma ombi kwa kampuni yako ya mtandao. Kampuni hutafuta namba ya tovuti hiyo katika orodha, kisha hukupeleka huko. Ni kama karani wa posta anayetazama jina juu ya bahasha na kutafuta sanduku lake. Karani akiambiwa, "Barua za mtu huyu zisipite," anaweza kusema jina halimo kwenye orodha, au anaweza kuizuia bahasha njiani. Kampuni za mtandao nazo hufanya hivyo hivyo.

Mara nyingi amri hutoka serikalini. Hapa Tanzania, Twitter na WhatsApp zilibanwa kuanzia tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi. Mtandao wa X, ambao ndio Twitter ya zamani, ulifungwa tena Mei 2025. Uganda ilizima intaneti yote tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya kupiga kura.

Utajuaje kama njia imefungwa? Jaribu hivi:

- Fungua tovuti nyingine. Zote zikikataa, pengine bando limekwisha au mtandao ni mbovu.
- Jaribu tovuti ile ile kwa laini ya kampuni nyingine. Ikifunguka, tatizo liko kwa kampuni ya kwanza.
- Muulize ndugu aliye nchi nyingine. Kwake ikifunguka na kwenu ikikataa kwa kampuni zote, huenda imefungwa nchini. Kwake pia ikikataa, basi tovuti yenyewe ina kasoro au imekufa.

Wako wanaotumia VPN. Hiyo ni sawa na kutia barua ndani ya bahasha ya mtu mwingine ili karani asione iendako. Lakini mwenye bahasha huona unakokwenda. Tena sheria ipo. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa. Uliza sheria kwanza.

Pesa za simu kwa kubonyeza nyota na namba hazipiti kwenye intaneti. Kwa hiyo mara nyingi huendelea kufanya kazi intaneti ikizimwa. Lakini Uganda, Februari 2016, hata hizo zilisimamishwa wakati wa uchaguzi. Kwa hiyo weka akiba kidogo ya fedha taslimu nyumbani, na namba za watu muhimu ziandike kwenye karatasi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja sababu tatu za simu mpya kukataa programu ya zamani.
2. Hesabu za kikundi chenu ziko wapi? Simu ya katibu ikifa leo, mtazipata?
3. Tovuti ya bei za mazao haifunguki. Utajaribu nini kwanza?
4. Je, ni haki kufunga njia ya habari wakati wa uchaguzi? Kila mmoja atoe sababu zake.

Msomee somo hili jirani ambaye hajajua kusoma.