Kwa Nini Gia ya Nailoni Ni Imara, na Kwa Nini Hunywa Maji

Ndoo ya polithini na gia ndogo nyeupe ya nailoni iliyo ndani ya mashine ya kuchapisha zina asili inayofanana: zote ni minyororo mirefu ya molekuli ambayo uti wake kwa sehemu kubwa ni kaboni. Hata hivyo, polithini ngumu huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi za selsiasi, ilhali nailoni ya aina ya 66 hustahimili mpaka karibu 260. Tofauti kubwa hivyo inatoka wapi?

Tuanze na jinsi mnyororo wenyewe unavyoundwa. Mwaka 1935, Wallace Carothers na wenzake katika maabara ya DuPont, Wilmington, Marekani, waliunganisha molekuli za aina mbili, kila moja ikiwa na atomi sita za kaboni. Hizo ndizo sita mbili za jina 66. Aina ya kwanza ina asidi kwenye ncha zote mbili; ya pili ina naitrojeni kwenye ncha zote mbili. Asidi na naitrojeni zikikutana hushikana, na molekuli moja ya maji hutoka. Kila molekuli ni kama behewa lenye ndoano mbele na nyuma, kwa hiyo msafara hurefuka mno.

Sasa tazama pale zilipoungana. Hapo pana haidrojeni iliyoshikwa na naitrojeni, na jirani yake pana oksijeni. Haidrojeni ya mnyororo mmoja huvutwa na oksijeni ya mnyororo wa pembeni. Mvuto mmoja ni dhaifu, lakini mnyororo una mingi mno, na yote huvuta kwa pamoja. Polithini haina mvuto huo hata mmoja. Ndiyo sababu nailoni huhitaji joto kubwa zaidi ili minyororo yake iachane. Ikipoa, hushikana tena. Ndiyo maana huweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya. Mvuto huohuo huipa ugumu wa kubeba mzigo, na meno ya gia huweza kusuguana kwa muda mrefu bila grisi nyingi.

Lakini maji nayo ni haidrojeni na oksijeni. Yakipenya kati ya minyororo, hushika palepale ambapo minyororo ilikuwa ikishikana. Nailoni 66 ikilowa mpaka ishibe hubeba maji ya takriban 8% ya uzito wake. Hulainika, huvimba, na haivunjiki kirahisi kama ilivyokuwa kavu. Kwa hiyo viwanda vingine huloweka vipuri makusudi kabla ya kuviuza. Kabla ya kuyeyusha, kinyume chake ni lazima: punje za nailoni hukaushwa, kwa sababu maji kwenye joto kali huikata minyororo.

Kwa nyavu za uvuvi, kulowa si tatizo kubwa. Nyavu za nailoni zilipoingia Ziwa Victoria miaka ya 1950, zilidumu kwa kuwa hazikuoza kama za pamba na kitani.

Kwa bushi ya pampu, yaani kipande chenye tundu ambamo ekseli huzunguka, hesabu ni tofauti. Bushi ya milimita 50 ikivimba kwa 1% tu, imeongezeka nusu milimita. Ikiwa imebanwa kwa nje, tundu lake ndilo litakalopungua, na ekseli itakwama. Fundi unayekereza bushi ya kufanya kazi majini, acha nafasi ya kuvimba; kama kipimo hakiruhusu, tumia plastiki iitwayo asetali, ambayo hunywa maji kidogo sana.