Mahali Gani Patunzwe kwa Ajili ya Historia?



Kikundi kimoja cha akina mama kiliniuliza: "Dada, hapa kwetu hakuna magofu ya mawe kama ya kule Lamu. Sasa sisi tutunze nini?" Swali ni zuri. Tulijadili kwa hatua zetu tatu.

TUONE. Historia si majengo peke yake. Kule Wajir kuna visima ambavyo wafugaji wamenyweshea ngamia vizazi kwa vizazi. Kuna pia uwanja wa ndege wa Wagalla. Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya hapo wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawaweka juani siku kadhaa, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Wenyeji husema maelfu. Idadi inabishaniwa, lakini uwanja uko palepale. Na hapa Garissa mjini, Novemba 1980, Bulla Kartasi ilichomwa moto na watu wakazuiliwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watoto wetu wangapi wanajua?

TUPIME. Kila mahali tupime kwa maswali manne:

1. Palitokea nini, na nani aliyeona bado yuko hai?
2. Pakipotea, tutapoteza fundisho gani?
3. Nani anapatumia sasa? Ukizungushia kisima ua na kufukuza mifugo, hujakitunza, umekiua.
4. Koo zote zimesikilizwa? Ukumbusho usiwe wa kuchokozana.

Msihangaike na umri. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inakubali mahali pa umri wowote, bora pawe na maana kwa historia au utamaduni.

TUTENDE. Anzeni na wazee, si na mnara. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1984 leo amepita 70. Chagueni kijana anayejua kuandika na mama anayeaminiwa na wajane, maana wanawake wana habari ambazo baraza la wanaume halijasikia. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Andikeni jina la mahali, mipaka yake, mwaka, na nani alisimulia. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kisha pelekeni barua kwa afisa wa utamaduni wa kaunti. Mahali penye uzito wa taifa zima, andikieni pia Makavazi ya Taifa ya Kenya. Waziri akishauriana nao ndiye hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Barua ikichelewa kujibiwa, daftari lenu liko, na hilo ndilo kubwa.

MAJADILIANO
- Tajeni mahali patatu katika lokesheni yenu. Kama mnaweza kutunza pamoja tu, ni papi? Kwa nini?
- Ni mzee gani tumtembelee wiki hii, kabla hatujachelewa?