Uji Unaporuka Sufuriani: Jinsi Wataalamu Wanavyochunguza Milipuko Midogo ya Volkano



Likizo ya Agosti nilipanda matatu hapa Migori, nikabadilisha Rongo, nikafika Homa Bay, kisha nikashika njia ya Kendu Bay kwenda kwa nyanya yangu. Sikwenda kutembea tu. Nilitumwa. Baba mdogo alikuwa amesikia uvumi sokoni ati Mlima Homa unachemka ndani kwa ndani na siku moja utalipuka. Akataka nyanya auze shamba lililo chini ya mlima ahamie Rongo. Nyanya akakataa katakata. Basi ikaamuliwa kuwa mimi, msomi wa Kidato cha Tatu, niende nikatoe jibu la kisayansi. Lo! Nilitoka jasho kabla ya kufika.

Vitabuni nilikuwa nimekutana zaidi na Vesuvius na Krakatoa. Kumbe Mlima Homa wenyewe, wenye urefu wa mita 1,751, ni volkano ya kale, tena ya aina adimu duniani. Miamba yake mingi ni kabonataiti, yaani miamba ya moto iliyojaa chokaa. Mwingereza M. J. Le Bas alichapisha kitabu kizima mwaka 1977 juu ya volkano za aina hii, akitumia hizi zetu za Nyanza kama mfano. Hata ziwa la Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, ambalo wazee husema ni kijiji kilichozama kwa kumnyima mgeni hifadhi, wanajiolojia hulihesabu kuwa kreta ya mlipuko. (Nyanya haoni ugomvi wowote kati ya hadithi hizo mbili. Mimi pia nimeacha kubishana.)

Sasa, si kila volkano hulipuka kwa kishindo cha kuangamiza miji. Ipo milipuko ya wastani. Nilimweleza nyanya nikiwa jikoni kwake, uji wa wimbi ukiwa motoni. Chai nyepesi ikichemka, mapovu hupanda na kutoka bila fujo. Lakini uji mzito hukusanya povu kubwa chini, likafika juu na kupasuka, pwa! Tone likakurukia mkononi. Ndivyo hufanya mlima Stromboli kule Italia: kila baada ya dakika kumi au ishirini hivi, povu kubwa la gesi hupasuka na kurusha vipande vya zaha hewani. Wataalamu wana kipimo cha nguvu za milipuko kuanzia 0 hadi 8, kilichotungwa na Newhall na Self mwaka 1982. Mlipuko unaotoa kati ya mita za ujazo 10,000 na milioni 1 za majivu na mawe hupewa 1. Stromboli kwa kawaida huishia huko chini, 1 au 2.

"Na wanapimaje kitu kinachounguza hivyo, nyakwara?" akauliza nyanya.

Hapo ndipo nilipofurahi, kwa maana hesabu yake hata sisi tunaiweza. Mtaalamu hukaa mbali na kamera, akahesabu muda wa jiwe kutoka mdomoni mwa kreta hadi kurudi usawa ule ule. Tuseme ni sekunde 6. Basi limepanda kwa sekunde 3. Tukitumia mvutano wa 10 na kuacha ukinzani wa hewa, jiwe lilitoka kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, likapanda mita 45. Ni Fizikia ile ile ya ubaoni! Kutokana na kasi hiyo wanaweza kukadiria jinsi gesi ilivyobanwa kabla ya povu kupasuka.

Isitoshe, wanasikiliza. Chombo cha kupima mitetemeko huzikwa ardhini, na vipo vipaza sauti maalumu vinavyonasa sauti nzito mno ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Wengine hupima gesi ya salfa angani kwa kuangalia mwanga wa jua unavyopungua ukipita ndani ya moshi. Setilaiti nazo hutazama kama mlima umevimba, hata kwa sentimita chache. Majivu hukingwa kwa vyombo, yakachekechwa na kupimwa uzito, kama mama anavyochekecha unga.

Na ikiwa mlima ulinyamaza zamani kama huu wetu? Hapo huchimba. Tabaka la majivu huwa nene karibu na kreta na jembamba ukienda mbali. Wakipima unene wake mahali pengi, huchora ramani na kujua yalitoka wapi na yalikuwa kiasi gani. Majivu ya volkano ya Kisingiri ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya kale kisiwani Rusinga, pamoja na fuvu la Proconsul alilolipata Mary Leakey mwaka 1948.

Mfano ulio hai uko Tanzania: Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayotoa zaha ya kabonataiti siku hizi. Mwezi Juni 1988 wataalamu walipima joto la zaha yake kreteni kwenyewe. Mito ya zaha ilikuwa digrii 491 hadi 519, na zaha ya ziwani ikafika 544. Zaha ya kawaida huipita kwa mamia ya digrii! Tena ni nyepesi kuliko uji wowote. Lakini msidanganyike na wepesi huo. Julai 2007 ardhi ilitetemeka huko hadi Nairobi, ambako mama yangu alikimbia nje na kiatu kimoja, na Septemba mlima ukaanza kulipuka kwa nguvu, ukaendelea hadi 2008.

Baba mdogo akapiga simu jioni. "Kwa hivyo ni ndiyo au la?" Nikamwambia ukweli: hakuna mlipuko wa Mlima Homa ulioandikwa katika historia, na chemchemi za maji moto peke yake si habari mpya. Lakini ahadi sikumpa. Nyiragongo kule Kongo una kituo cha wataalamu mjini Goma, na bado ulilipuka tarehe 22 Mei 2021 karibu bila dalili yoyote. Kitu cha kuuliza ni kama kuna mabadiliko. Je, maji yamezidi joto? Ardhi imetetemeka? Gesi imeanza kunuka?

Nyanya akaninyang'anya simu. "Nimeyajua maji hayo tangu nilipoolewa hapa. Ni yale yale. Siuzi."

Baba mdogo hakuwa na la kusema, na mimi nikatambua kwamba nyanya ameangalia chemchemi ile kwa miaka zaidi ya hamsini. Kilichokosekana ni tarakimu tu. Desemba nitarudi na daftari na kipimajoto cha maabara. Mwalimu wa Kemia amekubali kuniazima, mradi nisikivunje.