Mbwa Yupi Anafaa Nyumbani Kwako? Mambo ya Kupima Kabla ya Kumchagua

Katika vijiji vya Halmashauri yetu, kuanzia Peramiho hadi Muhukuru, mbwa ni sehemu ya maisha ya kaya nyingi. Hulinda nyumba usiku, hufukuza ngedere na nguruwe pori wanaovamia mashamba ya mahindi, na huongozana na wachungaji malishoni. Sambamba na hilo, wapo wananchi wanaotafuta mbwa wa kigeni kwa imani kwamba mbwa mkubwa, wa bei kubwa, ndiye mlinzi bora. Imani hiyo si sahihi kila mara. Mbwa asiyelingana na kaya hugeuka mzigo kwa mwenye nyumba na hatari kwa watoto na majirani. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kwa kupima kwanza mahitaji na uwezo wa kaya.

Anza na kazi, si na sura

Swali la kwanza ni hili: unamtaka mbwa kwa kazi gani? Kaya nyingi huhitaji mbwa wa kutoa taarifa, yaani anayebweka mgeni anapokaribia ili wenye nyumba waamke. Kazi hiyo haihitaji mbwa mkubwa. Mbwa yeyote mwenye masikio mepesi na aliyezoea mazingira yake huimudu. Mbwa wa kukamata mtu ni jambo jingine kabisa. Huyo anahitaji mafunzo, uzio imara na mtu mzima anayeweza kumwamuru na akatii. Mbwa mkali asiye na mafunzo hawezi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyetumwa kuazima jembe.

Pima nyumba na majirani

Jambo la pili ni eneo. Kaya isiyo na uzio, ambayo njia ya kwenda kisimani au shuleni inapita uani, haifai kuwa na mbwa mkali. Vivyo hivyo kwa mpangaji anayetumia ua mmoja na familia nyingine. Ni vyema kuzungumza na mwenye nyumba na majirani kabla ya kuleta mbwa, ukikumbuka kwamba wapo ambao dini au desturi zao haziwaruhusu kuguswa na mbwa. Heshima hiyo huzuia ugomvi usio wa lazima.

Wengine hudhani mnyororo ni suluhisho. Mbwa anayefungwa kutwa nzima bila kutembezwa wala kuzoeshwa watu huongezeka woga na hasira, na siku mnyororo unapokatika ndipo madhara hutokea. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mmiliki kumpa mnyama wake chakula, maji, makazi yanayofaa na matibabu.

Pima mfuko na muda

German Shepherd dume aliyekomaa huwa na uzito wa takribani kilo 30 hadi 40, na Rottweiler dume anaweza kufikia kilo 50 hadi 60. Mbwa wa namna hiyo hashibi kwa makombo ya ugali. Anahitaji dona iliyochanganywa na dagaa au nyama, kila siku, kwa miaka 10 au zaidi. Ongeza gharama za chanjo, dawa za minyoo, na uogeshaji wa kuua kupe na viroboto. Anayeshindwa kutunza fedha za gharama hizo kwa mwaka mmoja, asidanganywe na uzuri wa mtoto wa mbwa.

Kuhusu chakula, yako mambo mawili ya kuepuka. Kwanza, usimpe mbwa mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa yamekataliwa na watu. Sumukuvu iliyomo huharibu ini la mbwa na kumuua. Pili, usimpe matumbo au mapafu mabichi ya mifugo iliyochinjwa, kwani huweza kumpa minyoo ambayo mayai yake humwambukiza binadamu.

Aina za mbwa na mahali zinapofaa

Mbwa wa kienyeji ana umbo la wastani, manyoya mafupi na chakula chake ni kidogo. Amezoea hali ya hewa yetu, hubweka mapema, na hujifunza haraka akitunzwa vizuri. Kwa kaya nyingi za vijijini na hata mjini Songea, huyu ndiye chaguo sahihi. Kasoro kubwa anayobebeshwa si ya kwake bali ya wamiliki: huachwa azurure, ajitafutie chakula jalalani na asichanjwe, kwa madai kwamba mbwa wa kienyeji haugui. Madai hayo si ya kweli.

German Shepherd ni mbwa mwerevu anayetumiwa na majeshi ya polisi sehemu nyingi duniani. Manyoya yake mazito humsaidia katika baridi yetu ya Juni na Julai, ila huhitaji kivuli na maji ya kutosha wakati wa jua kali. Anahitaji kazi na mazoezi kila siku. Anafaa mwenye uzio, muda na nia ya kumfundisha.

Rottweiler na Boerboel, huyu wa pili akiwa ametokea Afrika Kusini, ni mbwa wenye nguvu nyingi. Wanafaa taasisi, maghala au makazi yenye uzio kamili na mlezi mwenye uzoefu. Hatushauri kaya yenye watoto wadogo na isiyo na uzoefu ianze na mbwa wa aina hii.

Chotara wa mbwa wa kigeni na wa kienyeji nao ni wengi. Usinunue kwa jina tu. Omba kumwona mama yake, kwa kuwa tabia yake hukuonyesha mengi. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama kabla ya kufikisha wiki nane. Chagua mchangamfu, mwenye macho safi, asiyeharisha, na asiyejificha anapoguswa.

Amua pia kati ya dume na jike. Jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto wasio na wa kuwalea ndio huwa mbwa wazururaji. Mwulize daktari wa mifugo kuhusu kumhasi dume au kumfunga jike kizazi.

Hakuna aina isiyohitaji chanjo

Uchague mbwa wa maelfu au wa mamilioni ya shilingi, jambo moja halibadiliki: achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kila mwaka au kama atakavyoelekeza mtaalamu. Takribani asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto walio chini ya miaka 15 ni takribani asilimia 40 ya wanaokufa kwa ugonjwa huu. Wataalamu wanakubaliana kwamba jamii ikichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wake, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kwa hiyo mbwa mmoja wa kienyeji aliyechanjwa ana faida kubwa kwa kijiji kuliko mbwa wa kigeni asiyechanjwa.

Mtu akiumwa au kuparuzwa na mbwa, hata kama ni mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asipakwe majani, pilipili wala mafuta. Akianzishiwa sindano, azimalize zote kwa tarehe alizopangiwa, hata kama jeraha limepona. Mbwa aliyeuma asiuawe na kutupwa. Afungwe mahali salama na ofisa mifugo aarifiwe, ili amchunguze kwa siku 10.

Kabla ya kumleta nyumbani

Fika kwa ofisa mifugo wa kata yako kabla ya kununua au kupokea mbwa, si baada ya tatizo kutokea. Mweleze ukubwa wa eneo lako, idadi ya watoto, kazi unayokusudia na kiasi unachoweza kutumia. Mwulize ratiba ya chanjo, na ukishachanja hifadhi cheti. Chanjo inapotangazwa kijijini, wapeleke mbwa wako wote, wakiwemo wale wa shambani, na mtu mzima ndiye awashike. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa kichaa cha mbwa kinga hiyo ndiyo pekee tuliyo nayo.