Kubeti, droo na ukurasa wako wa biashara: sheria inasemaje?



Huku kwetu Dimani, Kibiti, ukiposti mkeka mtandaoni unapata wateja wa aina mbili. Mmoja anauliza ni wa ukindu au wa plastiki. Mwingine anauliza odds ngapi. Mimi nauza wa ukindu. Ila hao wa odds wamekuwa wengi, na sasa wanawafuata wauzaji wadogo inboksi: weka linki yetu, chezesha droo upate wateja, weka mashine dukani kwako. Shule niliishia kidato cha nne, sheria nimejisomea mwenyewe, na nilichoelewa ndicho hiki.

Kubeti si kosa. Tanzania Bara tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Mkoa wa Pwani hauna sheria yake ya kubeti. Na ile leseni ya biashara uliyokata halmashauri haikupi ruhusa ya kuchezesha watu. Anayecheza awe ametimiza miaka 18, kampuni iwe na leseni ya Bodi.

Sasa shika hapa: kucheza ni kitu kimoja, kuchezesha ni kingine. Muuzaji mdogo anaingia upande wa kuchezesha bila hata kujua.

Mfano mkubwa ni droo za namba kwenye magrupu ya WhatsApp. Una simu ya laki tatu imekaa tu, haiuziki. Unatangaza namba 100, kila namba elfu tano, mmoja ataondoka na simu. Zikiisha zote una laki tano mkononi. Hesabu tamu, nakubali, hasa kama mzigo umekwama na kodi ya fremu inakusubiri. Lakini angalia ulichofanya: watu wamelipa, mshindi anapatikana kwa bahati, wengine wote wamekosa. Hiyo ni bahati nasibu, na bahati nasibu inataka kibali cha Bodi. Hata kampuni kubwa zikichezesha promosheni, utamwona ofisa wa Bodi amesimama pale pale droo ikichezeshwa. Wewe unachezesha peke yako chumbani, unatangaza mshindi anaitwa "Mama Asha wa Ikwiriri" ambaye hakuna anayemjua. Hata kama ni kweli, wale 99 watasema umejipa mwenyewe. Mmoja akienda polisi na meseji za malipo, jina kwenye meseji ni lako.

Ukitaka kusukuma mzigo, toa punguzo linalojulikana. Kilo tano za kaa, ya sita nusu bei. Mikeka mitatu, usafiri hadi Mbagala juu yangu. Kila aliyelipa anapata alichoahidiwa, hakuna bahati hapo.

Mashine dukani, yale madubwi: anayekuletea akuonyeshe leseni, kisha wewe mwenyewe uulize Bodi kama wanamtambua. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti yao. Msako ukipita na mashine haina kibali, mwenye mashine hayupo, wewe upo. Na watoto wa shule wanaotumwa sukari ndio watakaokuwa wa kwanza kutumbukiza sarafu.

Kumwekea mtu mkeka kwa simu yako kwa sababu yeye ana kitochi? Mimi nakataa. Ushindi unaingia kwenye laini yako, ugomvi unaingia dukani kwako. Ukianza kuwakusanyia watu kumi na kukata chako kidogo, tayari wewe ni mchezeshaji asiye na leseni.

Linki za kamisheni nazo, usizijengee biashara. Julai 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, SportPesa ikiwemo, na Safaricom ikaagizwa kufunga namba zao za malipo. Kama majirani walikuwa wanategemea linki hizo kula, jiulize walikula nini Agosti. Kampuni isiyo na leseni ndiyo usiiguse kabisa, hata wakilipa mara mbili.

La mwisho ni la kutapeliwa. Kodi ya ushindi ipo kweli, na kiwango chake hubadilika na bajeti. Mwaka 2019 kilipandishwa kutoka asilimia 18 hadi 20, na baadaye kikabadilishwa tena. Lakini kampuni inaikata yenyewe kwenye ushindi kabla hujapokea. Kwa hiyo anayekupigia kwamba umeshinda milioni mbili, utume kwanza elfu hamsini ya TRA ndipo uachiwe pesa, huyo si wa kampuni wala si wa TRA. Hata asome jina lako lote, wakati ukurasa wako wenyewe ndio umeliandika.