Tola moja ya zahabu iko na atomu ngapi?



Ile namba ya Avogadro inasumbua wengi mu somo la shimi. Wengine wanaikariri vizuri sana, lakini ukiwauliza inahesabu nini, kimya. Leo tuishushe sokoni. Huku kwetu kitu kinachopimwa kwa woga zaidi ni zahabu, na feza ya shule ya wengi kati yetu inatoka mu shimo. Basi tuanze na tola.

Mtu akifika Salamabila mu Kabambare, ao Misisi kule Fizi, kama anauza zahabu atasikia hili neno. Si la Wafaransa, ni la Wahindi. Mwaka 1833 Waingereza waliokuwa wakitawala Uhindi walipanga tola iwe na punje 180, na rupia ya feza ilipigwa kwa uzito huo huo. Punje moja ni miligramu 64,8. Zidisha mara 180, unapata miligramu 11 664, ndiyo kusema gramu 11,66. Kwa hiyo tola ni uzito wa sarafu. Rupia ya Wajerumani, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa na uzito uleule.

(Msifikiri kwamba hizo sarafu zilijaa Kasongo wakati wa Tippu Tip. Hapa watu walibadilisha vitu kwa nguo na ushanga. Pembe zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16, na bei yake ilihesabiwa Unguja kwa reale.)

Sasa hesabu yenyewe. Atomu hatuwezi kuipima kwa gramu bila kuandika sifuri nyingi, kwa hiyo wataalamu wanatumia kipimo kidogo sana kinachoitwa u: ni sehemu moja ya 12 ya uzito wa atomu ya kaboni 12. Gramu moja ni u 6,022 × 10²³. Ndiyo Avogadro huyo huyo! Yeye ni daraja kati ya mizani ya muuzaji na atomu, basi.

Tola moja: 11,66 × 6,022 × 10²³ = u 7,02 × 10²⁴. Atomu moja ya zahabu ina u 197. Gawanya: atomu 3,56 × 10²². Hiyo ni kama zahabu iko safi. Ile ya wachimbaji karibu kila mara iko na feza ndani yake, kwa hiyo namba inabadilika.

Hapa wengi wanaanguka. Weka rupia mpya upande mmoja wa mizani, na tola ya zahabu upande wa pili. Mizani inasimama sawa. Je, atomu ziko sawa? Hapana. Rupia ilikuwa na sehemu 11 za feza na sehemu 1 ya shaba. Feza ni gramu 10,69, na atomu yake ina u 107,9: unapata atomu 5,97 × 10²². Shaba ni gramu 0,97, na atomu yake ina u 63,5: unapata 0,92 × 10²². Jumla ni 6,89 × 10²², karibu mara mbili ya zile za zahabu. Uzito sawa si hesabu sawa. Mukipewa swali la namna hii, gawanyeni kwanza kwa uzito wa atomu, kisha ndipo mulinganishe.

Lakini sarafu iko na ubaya wake. Inakwaruzika, inachakaa, na mtu mwenye akili mbaya anaweza kuibandika risasi chini. Tuseme «tola» ya mnunuzi ina gramu 12,30. Kwa kila tola mchimbaji anaacha gramu 0,64 bure. Akiuza tola tano, anaacha gramu 3,2, zaidi ya robo ya tola. Mzee ambaye hakusoma ataonaje? Anaona tu kwamba mizani imesimama. Hata mizani ya umeme inaweza kupangwa vibaya.

Munaweza kumusaidia kwa serenge ya mililita 10. Pimeni serenge tupu, kisha jazeni maji safi mpaka 10 na mupime tena. Tofauti inapaswa kuwa karibu gramu 10. Ikizidi ao kupungua sana, mizani iko na shida. Mufanye hivyo mbele ya mnunuzi, kwa heshima, mbele ya kutoa zahabu mfukoni.

Hata kilo ya dunia nzima ilikuwa chuma. Tangu mwaka 1889 kilo ilikuwa kipande cha platini na iridiamu kilichofungiwa Sèvres, Ufaransa. Kilipolinganishwa na wenzake waliotengenezwa sawa nacho, ilionekana wameachana kwa karibu mikrogramu 50, na hakuna aliyeweza kusema ni nani aliyebadilika. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inafungwa kwa namba ya asili inayoitwa ya Planck, na siku ile ile Avogadro naye akapewa namba isiyobadilika: 6,02214076 × 10²³.

Zoezi kwa wa kalasi ya mwisho. Reale ya Maria Theresa ina gramu 28,07, na mu sehemu 1000 feza ni 833. Iko na atomu ngapi za feza? Jibu ni 1,31 × 10²³. Asiyelipata alete daftari yake kwangu kisha chakula cha jioni.