Kinyonga Mgonjwa: Jinsi ya Kumtambua na Kumsaidia

Mhariri aliponiomba niandike makala ya somo, wenzangu walidhani nitaleta ngeli za nomino au bahari za ushairi. La hasha! Mimi nataka tuzungumze juu ya kinyonga. Najua wengine mmekwisha kukunja nyuso. Tulieni kwanza. Nina deni la kulipa, kwa maana niliwahi kumuua kinyonga kwa mikono yangu mwenyewe, tena nilimuua nikidhani ninamtunza.

Ilikuwa likizo ya Agosti nikiwa kidato cha pili. Nilimwona kinyonga dume, yule wa pembe tatu, kwenye ua wa michongoma nyumbani kwetu Nyeri, nikamchukua. Nyanya yangu alipomwona alirudi nyuma hatua tatu akaniambia, "Mjukuu wangu, kitoe hicho kitu hapa mara moja." Simlaumu. Jamii nyingi humwogopa mnyama huyu. Wakamba, mathalani, wana hekaya kwamba kinyonga alitumwa kuwapelekea watu habari njema, kuwa hata wakifa watarudi kuishi. Alipofika akaanza kugugumia, "Niliambiwa... niliambiwa...", mpaka ndege akamkatiza na kutangaza kwamba watu wakifa ndio basi. Lawama zote zikamwangukia kinyonga.

Mimi nilijifanya msomi, nikacheka. Nikamweka kinyonga wangu ndani ya boksi la kadibodi karibu na jiko apate joto. Nikamwekea maji katika kifuniko cha chupa na kumkamatia panzi watatu kila siku. Siku ya tisa nilimkuta amelala ubavu, mweusi tititi, macho yamezama ndani. Maji yake yalikuwa palepale, safi kabisa, kana kwamba hayakuguswa.

Kumbe alikufa kwa kiu huku maji yako mbele yake! Hilo nililielewa baadaye, Mwalimu wetu wa Bayolojia aliponieleza kwamba kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotuama. Yeye huvutiwa na matone yanayong'aa na kutikisika juu ya majani, kama vile umande au mvua. Hayo ndiyo anayoyalamba. Kile kifuniko changu kwake kilikuwa sawa na jiwe.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Taabu ya kinyonga ni kwamba huyaficha mawingu yake. Huko porini, mnyama anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa kwanza na ndege au nyoka, kwa hivyo mgonjwa hujikaza kisabuni mpaka nguvu zimwishie. Ukimwona ameanguka chini, yamkini ugonjwa wake si wa leo wala jana. Ndiyo maana ni lazima umkague kila siku angali anaonekana mzima, nawe ujue unatazama nini.

Nafasi ya pili niliipata Januari iliyofuata, wakati wa kiangazi. Mtunza bustani wa shule alikuwa akipunguza ua, akamwangusha kinyonga jike. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wameshaokota mawe. Nilimfunika kwa sweta yangu na kukimbia naye hadi maabara. Mwalimu alimweka kwenye mizani: gramu 34. Kisha akaniuliza, "Haya bwana, mwambie daktari mgonjwa wako anaumwa nini." Nikabaki kinywa wazi. Basi tukaanza darasa.

Tulianzia machoni. Jicho la kinyonga limefunikwa na ukope wenye umbo la pia, na katikati pana tundu dogo la kuonea. Kila jicho huzunguka kivyake, hili likitazama mbele, lile likitazama nyuma. Kwa kinyonga mzima, ukope huo umejaa na umetokeza nje, na macho hayatulii mchana kutwa. Ukope ukiingia ndani kama shimo, mara nyingi mwili umekauka maji. Akifumba macho mchana, hata jicho moja tu, hiyo ni dalili kubwa, kwa sababu kinyonga hulala usiku. Usiseme "anasinzia tu". Yawezekana jicho lina uchafu, au mwili mzima unaumwa. Wetu alikuwa na macho yaliyozama, ila alikuwa bado anayafumbua.

Pili, na samahani kama unasoma haya ukila, ni choo chake. Kinyesi cha kinyonga kina sehemu mbili: ya kahawia au nyeusi, ambayo ni mabaki ya chakula, na nyeupe kama chokaa, ambayo ndiyo mkojo wake. Hiyo sehemu nyeupe ndiyo barua anayokuandikia. Ikiwa nyeupe, maji yanatosha. Ikiwa na njano kidogo kwenye ncha, angalia vizuri. Ikiwa imegeuka kuwa ya rangi ya chungwa, ana kiu kali. Ya mgonjwa wetu ilikuwa na rangi ya chungwa iliyoiva, tena ngumu kama punje ya mchele.

Tulimpaje maji? Tulichukua mkebe mtupu, tukautoboa tundu moja kwa sindano, tukauning'iniza juu ya matawi ili udondoshe tone moja moja juu ya majani. Asubuhi na jioni tulinyunyiza majani kwa ile chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Kwa dakika kumi hivi hakufanya lolote. Nilikuwa nimekata tamaa alipoinamisha kichwa, akapanua kinywa polepole na kuanza kutafuna maji kama mzee asiye na meno. Alikunywa karibu nusu saa. Ni lazima uwe na subira. Rafiki yangu alitaka tumfungue kinywa na kumsukumia maji kwa bomba la sindano, lakini Mwalimu alimzuia. Tundu la hewa la kinyonga liko mle mle kinywani, na maji ya kulazimishwa huweza kwenda mapafuni na kumuua.

Makao nayo ni nusu ya matibabu. Fundi wa shule alitutengenezea kizimba cha wavu wa waya pande zote, kirefu kwenda juu, chenye matawi membamba anayoweza kuyashika vizuri. Boksi halifai, wala tangi la kioo halifai, kwa sababu hewa haipiti. Tena msisahau kwamba huyu wa pembe tatu ni mnyama wa nyanda za juu. Amezoea mchana wa wastani na usiku wa baridi ya kwetu. Ukimweka karibu na jiko, kama nilivyofanya mimi bila akili, unamwoka. Kinyonga aliyezidiwa na joto hupauka na kuachama. Akiona baridi hugeuka mweusi ili aote jua upesi.

Hapa niseme neno kuhusu rangi, maana wengi wetu tumefundishwa vibaya. Ati ukimweka juu ya kitambaa chekundu atakuwa mwekundu! Si kweli. Rangi yake hufuata joto, mwanga na hali yake: hasira, woga, kutaka mwenzi. Mwaka wa 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kuchunguza kinyonga wa Madagaska, kwamba ndani ya ngozi mna chembe ndogo mno kama fuwele, ambazo zikikaribiana au kuachana hubadilisha rangi ya mwanga unaorudishwa. Kwa mlezi, jambo la kuangalia ni hili: kinyonga aliyebaki mweusi au wa rangi ya matope kutwa nzima, hata baada ya kuota jua, ana fadhaa au ni mgonjwa. Mara nyingine dawa ni kuondoa tu kinachomtisha. Wetu alikuwa mweusi kila mapumziko ya saa nne, kwa sababu darasa zima lilikuja kumtazama. Tulipoziba pande mbili za kizimba kwa gunia, akarudi kuwa kijani.

Ugonjwa mwingine, ambao naona ndio mbaya kuliko yote kwa kuwa huja kimya kimya, ni wa mifupa. Kinyonga anahitaji kalisi, na ili mwili uitumie kalisi hiyo anahitaji vitamini D, ambayo huitengeneza kwa msaada wa miale ya jua. Miale hiyo haipiti kwenye kioo cha kawaida. Juma la kwanza tuliweka kizimba dirishani, madirisha yamefungwa, nasi tunajipongeza kwamba anaota jua. Bure tu! Ilitubidi tumtoe nje kila asubuhi, upande mmoja wa kizimba ukiwa kivulini ili achague mwenyewe. Dalili zake ni miguu kupinda kama upinde, kushindwa kushika tawi, taya kulegea, na ulimi kutoka nusu njia ukakosa windo. Ulimi huo kwa kawaida hufyatuka mbali kuliko urefu wa kiwiliwili chake, kwa hivyo akikosa mara moja ni bahati mbaya, akikosa mara tatu mfululizo mchunguze. Sisi tulisaga maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa, yakawa unga laini, tukampaka nao panzi kabla ya kumpa. Lakini mfupa uliokwisha kupinda haunyooki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata ukuta wenyewe hautajengeka.

Kuhusu pumzi nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapo kazi si yetu. Kinyonga anayeachama ilhali hakuna joto, akiinua kichwa juu ili avute hewa, akitoa mlio wa filimbi au mapovu mdomoni, ana maradhi ya mapafu. Akivimba ufizi na kutoka usaha wa manjano ulioganda kama jibini, kinywa kimeoza. Haya yote mawili ni ya daktari wa mifugo, tena siku hiyo hiyo. Kuna aliyependekeza tufungue kapsuli za binadamu tumnyunyizie. Hebu fikiri: kapsuli ya mtu wa kilo sitini kwa mnyama wa gramu 34!

Daktari wa mifugo alikuja shuleni kwa ajili ya ng'ombe wa shamba, Mwalimu akamwomba aingie maabara. Alikiri hajawahi kumtibu kinyonga, na kwa kukiri huko nilimheshimu zaidi. Alichukua kinyesi kidogo, akakitazama kwa darubini, akatuita mmoja mmoja tuone mayai ya minyoo. Si ajabu, kwani kinyonga wa porini mara nyingi huwa na minyoo, nayo humzidi nguvu anapodhoofika. Daktari alipiga hesabu kwenye karatasi kulingana na uzito, akaichanganya dawa na maji mpaka kipimo kikawa tone moja, akalidondosha kwenye mdomo wa mgonjwa. Baada ya siku kumi na nne akarudia.

Chakula tulibadilisha kila siku: panzi, nyenje, nzi, nondo. Tulijikataza mambo mawili. La kwanza, wadudu wa kutoka mashamba yaliyopulizwa dawa, maana sumu ya mdudu huishia tumboni mwa mlaji. La pili, vimulimuli, ambao wana sumu inayoweza kuua mijusi.

Kufikia juma la tatu macho yalikuwa yamejaa na choo ni cheupe. Lakini tumbo lilivimba, lina vinundu, na akaacha kula. Nilishikwa na hofu, nikasema tumemuua huyu naye. Mwalimu alitabasamu tu. Asubuhi ya siku ya kumi na tisa nilifungua maabara nikakuta vitu vidogo vyeusi, vyembamba kama njiti za kiberiti, vimetapakaa matawini. Watoto kumi na mmoja! Kinyonga wa pembe tatu hatagi mayai kama vinyonga wengine wengi. Huzaa. Kila mtoto hutoka ndani ya utando unaonata kwenye tawi, akaupasua na kuanza kutambaa. Wawili hawakuamka.

Sasa swali mnaloniuliza kila siku: je, nimfuge? Nchini mwetu, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 haikuruhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Yule wa kwanza sikuwa na haki naye, na sikujua. Huyu wa pili Mwalimu aliwaarifu wahusika tangu mwanzo kwamba tunamtibu ili arudi. Kuna nchi ambako watu huwafuga majumbani. Hata Hawaii wapo vinyonga wetu wa pembe tatu, waliopelekwa kutoka Kenya mwaka wa 1972 kwa biashara, wakaachiliwa bustanini na kuzaana hadi leo. Lakini hapa kwetu mgonjwa wako huenda akawa yule aliye kwenye ua, uliyemwokoa kutoka kwa mawe.

Siku ile ile alasiri tuliwapeleka uani, mama kwanza. Mizani ilisema gramu 37, baada ya kuzaa. Watoto tuliwatawanya mbalimbali, kwa sababu wakibanana husumbuana na wanyonge hukosa chakula. Mama alikaa juu ya kidole changu kwa muda, mkia umejiviringa kwenye kalamu yangu, kisha akashika mchongoma na kuingia ndani, hatua moja mbele, nusu nyuma. Mtunza bustani alikuwa amesimama mbali na panga lake. Akaniuliza, "Kijana, nianzie wapi kukata?" Nikamwonyesha upande ule mwingine, wa kuelekea jikoni.